Opali, Fuwele na Neno "Rangi": Istilahi za Jaribio Moja la Sayansi

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi aghalabu hufanyika mezani. Orodha ya maneno ya kigeni huletwa, visawe hutafutwa, kikao hukaa, na orodha hurudishwa kwa wenyewe. Katika makala haya tunakusudia kueleza jaribio moja la sayansi lililotufundisha kwamba orodha peke yake haitoshi, na kwamba mwenye kuunda istilahi hana budi kwanza kukiona kitu kinachotafutiwa jina.

Jaribio lenyewe ni la kutengeneza opali kwa mikono, yaani kile kito kinachometameta rangi nyingi kila kinapogeuzwa. Mwalimu mmoja wa sekondari alituletea karatasi ya maelekezo ili tuipitie tafsiri yake. Mlikuwa na sentensi isemayo: "Rangi ya opali huchaguliwa kwa kufuata ukubwa wa matufe." Tuliisoma, tukaiona ni Kiswahili safi, tukaipitisha. Baada ya wiki tatu mwalimu alirudi na chupa mkononi. Kundi moja la wanafunzi lilikwenda dukani, likanunua rangi ya kutilia ukili, likachagua ya kijani, likaimimina ndani ya chupa. Walichopata ni mashapo ya kijani kibichi, yaliyogandana mabonge na yasiyometa hata kidogo. Chumvi zilizokuwamo katika rangi ile zilivifanya vijitufe vishikamane ovyo kabla ya kupata nafasi ya kujipanga. Kazi ya wiki tatu ikawa imeharibika.

Wanafunzi hawakukosea. Walifanya kama Kiswahili kilivyowaambia. Kosa lilikuwa letu sisi tulioipitia sentensi bila ya kuyajua mambo yenyewe.

Opali ni nini?

Opali ni dioksidi ya silikoni, ambayo kwa kifupi huitwa silika, ikiwa imechanganyika na maji. Kiasi cha maji katika opali nyingi za vito ni kati ya asilimia 6 na 10. Silika ndiyo dutu iliyo kwa wingi katika mchanga wa pwani, na silika tupu haina rangi. Basi swali lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu ni hili: kitu kisicho na rangi hupataje kutoa nyekundu, kijani na buluu kwa pamoja?

Jibu lilipatikana Australia mwaka 1964, wakati J. V. Sanders na wenzake walipoitazama opali kwa hadubini ya elektroni. Waliona kwamba ndani ya opali ya thamani mna matufe madogo mno ya silika, yote ya ukubwa mmoja, yamepangwa safu juu ya safu kwa utaratibu usiovunjika. Kipenyo cha matufe hayo huwa baina ya nanomita 150 na 300 hivi. Ili msomaji apate picha, matufe 4,000 yenye kipenyo cha nanomita 250 yakipangwa mstari mmoja ndipo yatakapofikia milimita 1.

Mpango wake si mgeni kwetu. Muuza machungwa sokoni hupanga safu ya chini kwa kubananisha, kisha kila chungwa la safu ya pili hulikalisha katika kishimo kilicho baina ya machungwa matatu ya chini. Kwa namna hiyo machungwa hujaza asilimia 74 ya nafasi, na asilimia 26 hubaki hewa. Katika opali matufe ndiyo machungwa.

Mwanga unapoingia katika mpango huo, kila safu huakisi sehemu ndogo. Miale iliyoakisiwa na safu ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea hukutana inapotoka. Mawimbi ya urefu fulani hukutana kilele kwa kilele, yakaongezana nguvu; mengine hukutana kilele kwa bonde, yakafutana. Jicho huona yale yaliyoongezana. Urefu wa wimbi hilo hutegemea umbali baina ya safu na safu, na umbali huo hutegemea kipenyo cha tufe. Kwa matufe ya silika yenye hewa katikati, kanuni ya haraka ni kukizidisha kipenyo kwa 2.2. Hivyo matufe ya nanomita 200 yakitazamwa wima huakisi wimbi la nanomita 440, ambalo ni buluu ya kuelekea zambarau; ya nanomita 250 huakisi 550, ambalo ni kijani; na ya nanomita 300 huakisi 660, ambalo ni jekundu. Ukiiinamisha opali, wimbi linaloakisiwa hupungua urefu. Ile iliyokuwa ya kijani huwa ya buluu.

Hii ndiyo maana ya ile sentensi iliyowapoteza wanafunzi. Anayetaka opali ya kijani hana rangi ya kununua. Ana kipenyo cha kupima.

Jinsi jaribio linavyofanywa

Njia inayotumika zaidi ilielezwa na Werner Stöber, Arthur Fink na Ernst Bohn mwaka 1968. Dawa iitwayo tetraethili othosiliketi huchanganywa na ethanoli, maji na amonia. Mwanzoni mchanganyiko huwa maangavu kama maji. Baada ya dakika kadhaa huanza kuwa na wingu la kibuluu, kisha huwa mweupe kama tui. Weupe huo ni dalili kwamba vijitufe vya silika vimezaliwa na vinakua. Mchanganyiko hukorogwa kwa saa kadhaa. Kiasi cha maji na amonia, pamoja na joto la chumba, ndivyo viamuavyo ukubwa wa mwisho, na kwa hiyo vipimo havina budi viwe sahihi. Vijitufe visivyo sawia, yaani vinavyopishana kipenyo kwa zaidi ya asilimia 5 hivi, huwa vigumu kujipanga vizuri, kama vile machungwa yanavyokataa kupangika yakichanganywa na malimau.

Hatua ya pili ni kuviosha vijitufe kwa ethanoli au maji safi ili kuondoa masalio ya amonia. Hatua ya tatu ni kungoja. Kijitufe cha nanomita 250 kikiachwa ndani ya maji hushuka kwa kiasi cha milimita 3 tu kwa siku. Chupa yenye kina cha sentimita 5 hutaka zaidi ya wiki mbili, na katika muda huo haifai kutikiswa wala kuwekwa mahali penye jua, kwani joto huyafanya maji yazunguke. Mashapo yakishajikusanya chini, maji ya juu hutolewa polepole na mashapo huachwa yakauke. Hapo mmeto huonekana. Mara nyingi hujitokeza nyufa, kwa kuwa mashapo hupungua yanapokauka. Jambo hilo ni la kawaida na halina maana kwamba jaribio limeshindwa.

Wasioweza kungoja hutumia njia fupi. Kipande cha kioo safi husimamishwa ndani ya maji yenye vijitufe vichache. Maji yanapokauka na kushuka, huacha juu ya kioo utando mwembamba wenye rangi. Njia hii pia hukubali vijitufe vya polistirini vinavyouzwa vikiwa tayari, na kwa hiyo humwepusha mwalimu na zile dawa za hatua ya kwanza.

Tahadhari lazima itafsiriwe kwa uangalifu kuliko sentensi nyingine zote. Mvuke wa tetraethili othosiliketi hudhuru macho na njia ya pumzi. Amonia hali kadhalika. Ethanoli hushika moto upesi. Kazi ya kuchanganya ni ya mwalimu, penye hewa ya kutosha, kwa miwani na glavu, mbali na moto. Vumbi kavu la vijitufe nalo lisivutwe puani. Mtafsiri anayeandika "yafaa kuvaa miwani" mahali palipotaka "lazima kuvaa miwani" amefanya kosa kubwa kuliko letu.

Matatizo ya istilahi

Tulipokwisha kuliona jaribio kwa macho yetu, tuliirudia orodha yetu upya. Haya ndiyo maneno yaliyotaka kufikiriwa.

(a) Rangi. Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili: kile kinachoonwa na jicho, na kile kinachonunuliwa dukani kwa ajili ya kupaka au kutilia. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna tatizo. Katika sayansi ya opali tatizo ni kubwa, maana jambo lote linalofundishwa ni kwamba maana ya kwanza yaweza kuwapo bila ya ya pili. Tunapendekeza "rangi" ibaki kwa kile kinachoonwa, na ile dutu iitwe "kitiarangi", kwa mfano wa "kinasasauti". Rangi itokanayo na mpango wa safu iitwe "rangi ya muundo". Tofauti hii ina mifano nchini. Opali ya kijani ya Haneti, mkoani Dodoma, ni ya kijani kwa sababu ya nikeli iliyomo ndani yake. Hiyo ni rangi ya kitiarangi, na haibadiliki jiwe likigeuzwa. Mwalimu akiyaweka mawe haya mawili mezani, opali ya Haneti na opali inayometa, atakuwa amelieleza somo kabla ya kufungua kinywa.

(b) Mmeto. Baadhi ya watafsiri wameandika "mchezo wa rangi". Hayo ni maneno ya Kiswahili yaliyopangwa kwa fikira ya kigeni. Kwetu mchezo huchezwa, na rangi haichezi. Kitenzi "kumetameta" kipo tangu zamani na kinasema hasa jambo linalotakiwa. Jina lake liwe "mmeto".

(c) Fuwele. Neno hili limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya kemia kwa maana ya dutu ambayo chembe zake zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia, kama chumvi au sukari guru. Wapo wanaouliza kwa nini halikutumika "bilauri", ambalo asili yake katika Kiarabu ni jina la jiwe maangavu la aina hiyohiyo. Sababu ni kwamba bilauri kwetu imekwisha kuwa chombo cha kunywea maji, na chombo hicho ni cha kioo, ambacho chembe zake hazikupangwa kwa utaratibu. Istilahi ingekuwa inasema kinyume cha maana yake.

(d) Kukua na kujipanga. Kichwa cha karatasi ile kilisema "Kukuza Opali". Fuwele ya chumvi hukua kweli, kwani chembe huongezeka juu ya chembe. Katika jaribio la opali mna mambo mawili. Kwanza vijitufe hukua. Halafu vijitufe vilivyokwisha kukua hushuka na kukaa mahali pake bila ya mtu kuvishika. Jambo hili la pili Kiswahili hulieleza kwa kiambishi kimoja tu, "-ji-": vijitufe hujipanga. Tunapendekeza "ujipangaji", na twawaomba walimu wasilitumie "kukuza" kwa hatua zote mbili.

(e) Kijitufe. Udogo wa "tufe" ungekuwa "kitufe", lakini kitufe watu wengi wanakijua kuwa ni kile kinachobonyezwa katika mashine. Tumefuata njia iliyotupa "kijitabu" kutoka "kitabu", tukapata "kijitufe".

(f) Silika. Hapa tuna mgongano wa sauti. "Silika" ya Kiarabu ni tabia ya kuzaliwa nayo. "Silika" ya kemia imetoholewa kutoka lugha za Ulaya. Hatukuona haja ya kuunda neno jingine, kwani maneno haya mawili hayakutani katika somo moja. Inatosha mwandishi ataje "dioksidi ya silikoni" mara ya kwanza.

(g) Koloidi. Kile kimiminika cheupe si mmumunyo. Katika mmumunyo, kama maji ya chumvi, kilichoyeyuka hakiwezi kuonekana wala kutua chini. Vijitufe havikuyeyuka, vimeelea tu. Neno "koloidi" lililotoholewa libaki.

Fuwele fotoni

Neno lililotuchosha zaidi tumeliacha mwisho. Mwaka 1987 Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kwa upande wake, walieleza kwamba mpango wa maada unaojirudia kwa umbali ulio karibu na urefu wa wimbi unaweza kuuzuia mwanga usipite. Vitu vya namna hiyo hupatikana leo katika maabara nyingi duniani, na opali ni mfano wake wa asili. Viitweje?

Tumeona tafsiri mbili mbaya na moja inayokaribia. "Fuwele ya picha" ilitokana na kudhani kwamba kila neno lianzalo kwa "foto" linahusu kamera. "Fuwele angavu" yasema kwamba mwanga hupita, hali sifa kuu ya kitu hiki ni kuzuia mwanga wa aina fulani usipite. "Fuwele ya mwanga" ni bora kidogo, ila ina kasoro mbili. Kwanza, kiunganishi "-a" baada ya kitu aghalabu hutaja kilichokitengeneza, kama katika "pete ya dhahabu" na "nyumba ya udongo", na fuwele hii haikutengenezwa kwa mwanga. Pili, fuwele ya kwanza kamili iliyotengenezwa na Yablonovitch na wenzake, mwaka 1991, ilikuwa kipande chenye matundu yaliyotobolewa kwa utaratibu, na ilifanya kazi kwa mawimbi mafupi ya redio yasiyoonekana kwa jicho.

Neno "fotoni" halina mipaka hiyo, kwani fotoni ni chembe ya nishati ya mawimbi hayo yote. Kwa hiyo tunapendekeza "fuwele fotoni", majina mawili yakifuatana bila ya kiunganishi, kama "askari kanzu" na "bata mzinga". Ile sehemu ya mawimbi isiyoweza kupita iitwe "pengo la fotoni".

Ieleweke kwamba opali ya darasani haina pengo kamili. Silika haipindi mwanga kwa kiasi kinachotofautiana sana na hewa, na hivyo wimbi linalozuiwa upande mmoja hupata njia upande mwingine. Ili kupata pengo kamili, wataalamu huijaza ile nafasi ya asilimia 26 kwa dutu inayopinda mwanga zaidi, kisha huviondoa vijitufe, ikabaki mianya mitupu. Opali ya namna hii, iliyotengenezwa kwa silikoni, ilitangazwa mwaka 2000. Tumeipa jina "opali kinyume", kwa sababu palipokuwa na tufe pana hewa na palipokuwa na hewa pana maada.

Mwalimu akitaka kuonyesha kwamba nafasi baina ya vijitufe ina kazi, na adondoshe tone la maji juu ya opali iliyokauka. Maji yakiingia mahali pa hewa, rangi huhamia upande wa nyekundu na kufifia; yakikauka, rangi hurudi. Opali za Wollo nchini Ethiopia, zilizogunduliwa karibu na Wegel Tena mwaka 2008, hufanya vivyo hivyo: nyingi zikilowekwa majini huwa maangavu na kupoteza mmeto, na zikikauka huurudisha.

Tena kuna mfano ulio hai. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba aina moja ya kinyonga wa Madagaska ana fuwele ndogondogo za guanini ndani ya ngozi yake, zilizopangwa kwa utaratibu. Akiwa ametulia, fuwele hizo hukaribiana na kuakisi buluu. Buluu hiyo, ikipita katika kitiarangi cha manjano kilichomo ngozini, huonekana kijani. Akichafuka moyo, fuwele hutengana na ngozi huelekea manjano na rangi ya chungwa. Kinyonga, basi, anatumia kitiarangi na rangi ya muundo kwa pamoja, na mwenye istilahi moja tu ya "rangi" hawezi kumweleza.

Istilahi zinazopendekezwa

Fuwele fotoni: maada iliyopangwa kwa kujirudia ili kuzuia au kuakisi mawimbi ya urefu fulani.
Kijitufe: tufe dogo sana lisiloonekana kwa jicho.
Kitiarangi: dutu inayokipa kitu rangi kwa kufyonza sehemu ya mwanga.
Koloidi: mchanganyiko wenye chembe zilizoelea bila ya kuyeyuka.
Mmeto: kubadilika kwa rangi kitu kinapogeuzwa.
Opali kinyume: opali ambayo matufe yake yameondolewa na nafasi baina yake kuwa maada.
Pengo la fotoni: sehemu ya mawimbi isiyoweza kupita katika fuwele fotoni.
Rangi ya muundo: rangi itokanayo na mpango wa maada, si na kitiarangi.
Sawia: (kwa vijitufe) vyenye kipenyo kimoja.
Ujipangaji: chembe kukaa katika utaratibu bila ya kupangwa na mtu.

Hitimisho

Sentensi iliyoleta hasara sasa inasomeka hivi: "Opali haitiwi kitiarangi chochote. Rangi yake ni rangi ya muundo, nayo hutokana na kipenyo cha vijitufe." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na walimu wengine wataiona nzito. Lakini mwanafunzi aliyeisoma hatakwenda dukani kununua rangi ya ukili.

Mapendekezo haya si ya mwisho. Walimu watakaoyatumia darasani, na watafsiri watakaoyakuta hayatoshi, tunawaomba watuandikie wakitaja sentensi nzima ambamo neno limewakwaza, wala si neno peke yake. Yule mwalimu wetu amekwisha kuanza tena. Chupa yake ya pili iko juu ya rafu, mahali pasipotikisika, na vijitufe vinashuka milimita 3 kwa siku.